Jembe Yangu Mkononi mwa Marcella

Jembe ambayo Marcella ameshika kwenye ile picha ni yangu. Mtu akipita pale kwa maji atasoma bango, ataona mama anacheka na meno yote, kofia ya kijani kichwani, jembe mkononi, na atasema, huyu mama amefanya kazi. Sasa aangalie mpini. Mpini imefungwa raba ya tubu ya baiskeli, pale juu mahali ilipasuka. Hiyo raba nilivuta mimi na meno yangu, wakati meno bado ilikuwa yangu. Tangu hiyo picha ipigwe mjukuu wangu amezaliwa, ametembea, amemaliza praimari, na mimi sijasahau. Watu wananiambia nisahau. Kusahau ni kazi ya yule hakuibiwa.

Bango imeandikwa Msitu wa Mama Nthiga. Na shida iko hapo. Mama Nthiga ni mimi. Na Mama Nthiga ni yeye.

Nieleze, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kufikiri nimerukwa na akili. Hapa Embu kijana wako wa kwanza anapewa jina ya baba ya bwana yako. Hiyo si maneno ya kuchagua. Baba mkwe wetu alikuwa anaitwa Nthiga, mzee mfupi, mwenye mbuzi wengi na maneno kidogo. Alikuwa na vijana wawili. Mkubwa ni Njura, huyo ndiye alinioa. Mdogo ni Munyi, huyo ndiye alioa Marcella. Mimi nikazaa kijana, akaitwa Nthiga. Marcella akazaa kijana, akaitwa Nthiga. Basi mimi Mama Nthiga, yeye Mama Nthiga, milango inaangaliana, na asubuhi tukisalimiana ni kama mtu anaongea na ukuta. Mama Nthiga, umeamkaje. Nimeamka vizuri, Mama Nthiga. Watu wa kijiji hawapotei, wanasema Mama Nthiga wa Njura na Mama Nthiga wa Munyi. Lakini mtu akikuja na gari, hiyo hajui.

Kwetu wanawake wameolewa na ndugu wawili wanaitana mke mwenza, hata kama kila mtu ana bwana yake na sufuria yake. Kwa hivyo Marcella ni mke mwenza wangu. Wivu nilipata yote. Bwana tu ndio hatukugawana.

Marcella si wa hapa. Ametoka Nkubu, huko Umeruni, na kwa baba yake ni karibu na ile hospitali ya Wakatoliki. Alikua akiona masista kila siku. Masista ndio walimfunza kushona sweta na sindano mbili, kupiga pasi mpaka kola isimame, na kuongea Kiswahili imenyooka kama hiyo kola. Mimi Kiswahili yangu nilifunzwa na kiwanda ya kahawa na soko ya Runyenjes. Shule niliachia darasa la pili, wakati mama yangu alizaa mapacha na mtu akatakikana nyumbani.

Munyi alikuwa utingo wa lori ya viazi. Walikuwa wanatoa viazi Kibirichia wanaleta Embu, na siku moja lori ikafia Nkubu, ikakaa hapo wakitafutiwa spea. Marcella akawaletea chai. Hiyo ndiyo hadithi yote. Hiyo lori ingekuwa na fundi mzuri, mimi ningekuwa na maisha ingine.

Alipoletwa, ilikuwa mvua. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mlango na mtoto mgongoni, nikaona Munyi anashuka ile kijia ya mto amebeba sanduku ya bati kichwani. Akaweka sanduku chini upande huu, akarudi ng'ambo, akamchukua Marcella mgongoni kama gunia, akamvusha, ndiyo kiatu yake isiguse matope. Kiatu ilikuwa na kisigino. Boma yote iliona. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka pia, lakini usiku nilimwangalia Njura akilala na mdomo wazi nikajiuliza kama huyu amewahi kunibebea hata kuni.

Nimetafuta ubaya ya Marcella muda mrefu. Sweta yake haifumuki, watoto wa shule yote hapa wamezivaa. Chapati yake nilitafutia kosa nikakosa, nikasema ina mafuta mingi. Kanisani anaanza wimbo na watu wote wanageuka. Mimi nikiimba wanaogeuka ni wale wamekaa karibu, na wanageuka upande ingine. Hata mama mkwe wetu, Wambeti, ambaye mimi nilimpikia kabla Marcella ajue Embu iko wapi, huyo mama alipougua alikuwa anataka uji kutoka mkono ya Marcella. Marcella anakaa kwa kitanda, anamlisha na kijiko, anamwimbia kwa Kimeru, na huyo mama anafunga macho kama mtoto. Wageni wakikuja kuona mgonjwa wanakuta hiyo picha nzuri. Mimi niko wapi? Niko chini kwa maji nafua mashuka. Mtu wa kulisha anaonekana. Mtu wa kufua hata ukimwona unageuza uso.

Lakini kitu moja Wambeti alinipa mimi. Kabla miguu imkatae tulishuka naye pale maji inatoka, pale chini ya jiwe. Sisi tunaita kithima. Zamani hapo ilikuwa mahali pa wazee. Mvua ikichelewa walikuwa wanachinja kondoo chini ya mukuyu mkubwa, na hakuna mtu alikuwa anavunja hata kijiti. Halafu watu wakaokoka wakasema hapo ni kwa shetani. Halafu kahawa ikawa na bei, watu wakafyeka mpaka kwa maji. Ikabaki ule mukuyu peke yake, mizizi iko nje kama vidole kwa kiatu ya maskini. Wambeti aliangalia, akaniambia, mimi nikienda hapa utachunga wewe, yule mwingine anaogopa matope. Aliniambia nikiwa nimeshika shuka yake nikikamua. Shahidi wangu ni hiyo shuka.

Basi nikachunga. Sikuambiwa na shirika, sikuwa nimesikia kitu inaitwa shirika. Nilichimbua miche ya muringa, mti wa kwetu, pale kwa ua ya kanisa, nikateremsha moja moja na karai. Nilikata matawi ya ule mukuyu nikachomeka chini, ikashika. Mianzi niliomba kwa kaka yangu huko juu karibu na msitu. Kiangazi nilikuwa nachota maji kwa kithima nanywesha miti ya kithima, na watu walikuwa wanasema Mama Nthiga wa Njura amerudia mambo ya kondoo. Mbuzi zilikula, nikaweka miiba, zikala miiba, nikapanda tena. Mimi ni Mkristo kama wao, lakini maji sijaona ikiuliza mtu anaomba kanisa gani.

Miaka hiyo hiyo Munyi alikuwa anapanda mikaratusi, juu kidogo ya kithima, kwa shamba yake. Alipanda kwa laini, imenyooka kama Kiswahili ya bibi yake. Akasema hiyo ndiyo itajengea Marcella nyumba ya mawe. Kila mti ulikuwa na hadithi yake, hii ni ya kuzaliwa kwa mtoto, hii ni ya ubatizo. Mkaratusi hauna haja ya kubembelezwa, unakunywa maji na kwenda juu tu. Watu walimsifu. Miti yangu walisema ni vichaka.

Halafu hao ndugu wawili walikufa, Njura kwanza, Munyi baadaye, kwa kifua. Njura aliniachia redio bila betri na mbwa mbaya. Munyi aliachia Marcella laini ya miti mpaka mbinguni. Jioni alikuwa anaenda kusimama hapo, anaweka mkono kwa ganda. Nilikuwa namwona kwa dirisha. Hata ujane yake ilikuwa na kivuli.

Sasa nifike kwa ile siku. Kulikuwa na shirika moja ya mjini Embu, watu wa kujitolea, walimu, wakulima, vijana wa ofisi, wanachunga chemchemi na mahali za kale. Aliyekuwa anawaongoza ni msichana anaitwa Carol, mtu wa haraka, hata kumaliza chai hamalizi. Huku kwetu mwenyekiti wa kikundi yao alikuwa Mwalimu Mutugi, amestaafu, bado anaongea kama ana chaki mkononi. Mutugi akamwambia Carol kuna mama amepanda msitu mzima kwa kithima, nenda umtafute, anaitwa Mama Nthiga. Hapo mzee alisema ukweli. Kitu alisahau ni kuongeza wa Njura.

Na hiyo wiki mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa Nkubu. Nkubu ya Marcella. Binti yangu Gladys ameolewa huko, alikuwa anazaa mtoto wa kwanza kwa hiyo hospitali ya masista, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Nilikuwa nimekaa kwa benchi na chupa ya uji nikiomba Mungu kwao, na yeye alikuwa amekaa kwetu akipokea wageni wangu.

Gari ya Carol ilisimama kwa mlango ya kwanza, na mlango ya kwanza ni ya Marcella. Maneno ilisemwa hapo Mutugi amenirudilia mara mingi, vile Carol alimwambia, kwa sababu nimemuuliza mara mingi. Carol aliuliza kama hapa ni kwa Mama Nthiga. Marcella akasema ndiyo, karibuni. Carol akasema wamesikia juu ya ile miti kwa maji, wanaweza kuona? Marcella akasema twendeni. Hakudanganya. Hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo. Angedanganya, ningempeleka kwa chifu. Mtu ameulizwa jina yake akajibu, utamshtaki na nini?

Huko chini wakamwambia ashike kitu apigwe picha. Jembe yake imeshika kutu, hiyo kila mtu anajua. Mtu akatumwa, akachukua yangu, ilikuwa imeegemea stoo. Na gambuti alivaa safi, angalia picha, hakuna hata tone ya matope.

Mimi nilirudi baada ya wiki kadhaa, nimechoka, lakini na furaha, nikitafuta mtu wa kwanza kumwambia nimekuwa cucu, nimepata mjukuu. Nikasikia makofi huko kithima. Nikashuka na kikapu yangu hivyo hivyo. Nikakuta bango imesimamishwa, chifu amekuja, watu wamekaa kwa nyasi mbele ya muringa yangu, na Marcella ako kwa kiti.

Jioni nikaenda kwake. Sikuketi. Nikamuuliza kama yeye anajua ni nani alipanda hiyo miti. Alikuwa anashona sweta, hakuacha sindano.

"Mama Nthiga," akaniambia, "waliniuliza jina, nikawajibu jina. Kwani si jina lako pia? Bango ni letu sote."

Nikaenda kwa Mutugi. Alikunakuna kichwa, akasema ni kweli, kumetokea kosa kidogo, lakini bango imeshapigwa rangi, chifu ameshahutubu, na tukianza kubishana mbele ya wageni watapeleka miradi kwingine. "Hata hivyo," akasema, "hiyo ni boma moja." Hiyo neno niliweka mahali. Boma moja.

Tangu hapo Marcella akafanywa Mama wa Kithima. Kila Jumamosi ya kujitolea tunakutana, tunaokota plastiki, tunachimba mashimo, tunajenga ukingo na mawe, watoto wa shule wanakuja kupanda. Mama wa Kithima anakaa kwa kiti ya mbele, anafungua na maombi, anaimba, wageni wanalia. Alipelekwa Embu mjini kuongea. Alipelekwa mpaka Kangeta kuambia watu wa miraa vile Mama Nthiga alipanda miti akiwa bado kijana. Aliniletea maandazi kutoka huko. Nilipatia mbwa.

Mimi nilienda kila Jumamosi. Ningeacha, angepata na nafasi yangu ya nyuma. Fulana ya kijani walinipa, nikawa navaa nikikama ng'ombe. Siku moja Carol akanikuta nanyoosha mgongo kando ya shimo, akaniambia, "Cucu, una nguvu wewe. Unakaa karibu na Mama Nthiga?" Nikamwambia tunakaa mlango kwa mlango. Akasema nina bahati.

Ungefikiri mtu angemwambia. Lakini watu walizoea. Wengine walikuwa wanacheka, nikipita sokoni wanauliza, wewe ni Mama Nthiga wa bango ama wa jembe? Na wengine, wale wazuri, walikuwa wanasema ile neno ya Marcella, si jina ni lako pia. Hiyo neno nimeambiwa na mke wa pasta, nimeambiwa na muuza mitumba, nimeambiwa hata na kijana yangu mwenyewe, huyo Nthiga, akiwa anakula chakula yangu.

Halafu maji ikaanza kupungua. Kwanza hatukuona. Mtungi ilikuwa inajaa mtu akifunga kilemba, ikawa inajaa akimaliza kusema shida zake zote. Carol akaleta watu wa kupima, lakini hata mtu bila kupima alikuwa anajua. Mikaratusi, ya Munyi na ya majirani, imezunguka kithima kama ng'ombe kwa birika. Kukaitwa mkutano kwa chifu, wote tukakubali, na Marcella akiwa wa kwanza kuinua mkono. Ile iko karibu na maji itakatwa, lakini pole pole, kidogo kila mwaka kabla ya mvua kubwa, ndiyo udongo isiteremke. Mwenye mti atachukua mbao yake. Mahali ya kisiki kikundi itapanda miti ya kwetu. Na wa kuchagua mti wa kwanza kila mwaka, kuupaka chokaa, ni Mama wa Kithima. Hiyo ilikuwa heshima. Walimnunulia na brashi.

Mwaka wa kwanza Marcella akapaka chokaa mti wa Ngari, jirani wa chini. Mwaka wa pili akapaka ya kanisa. Ukaja mwingine, akarudi kwa Ngari akamaliza. Anatembea polepole na hiyo mkebe, anaimba, anapita ile laini ya Munyi kama haioni. Mtu akitaja, anasema ile bado ni changa. Ngari ni mtu wa utani, lakini hiyo ya mwisho hakutania. Alisimama kwa mkutano akasema miti yake pia ilikuwa changa, na haikuwa na mtu wa kuiimbia. Watu wakacheka, lakini wakaangaliana. Kwa sababu sasa kando ya maji hakukuwa kumebaki ingine. Ilibaki ya Munyi tu.

Ndiyo tukafika Machi ya mwaka huu. Vumbi, majani imekauka, maji ya kithima imekuwa kama uzi. Carol alikuwa ameleta wageni wa vikundi vingine, wengine wa Kibirichia, wengine wa Kangeta, na kipaza sauti. Vijana wa pawaso, ile mashine ya kukata miti, walikuwa tayari wamevaa helmeti. Mutugi alihutubu. Halafu Carol akampatia Marcella mkebe ya chokaa na brashi, akatangaza kwamba mama aliyepanda huu msitu sasa atatuonyesha mti wa mwaka huu.

Marcella alisimama. Akaangalia juu. Upepo ilikuwa inapiga ile mikaratusi, ile sauti yake kama mvua ya uongo. Hakuimba. Watu wakaanza kukohoa. Nikaona anaangalia wageni, anaangalia Ngari, halafu ananiangalia mimi, huko nyuma, kando ya wheelbaro.

Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuna jambo ninapaswa kusema," akasema na hiyo Kiswahili yake. "Huu msitu sikuupanda mimi. Aliyeupanda ni mke mwenza wangu, Wamuyu, yule pale. Yeye ndiye Mama Nthiga wa hapa. Mimi nimekuwa nimekalia kiti chake. Haki ya kuchagua mti ni yake."

Watu walipiga makofi. Wamama wa Kibirichia walipangusa macho na leso. Carol alikuwa amefungua mdomo, anaangalia bango, ananiangalia mimi, anaangalia bango. Mutugi alikuwa anaangalia viatu.

Mimi sikupangusa jicho. Mimi namjua Marcella. Nimemwangalia kwa dirisha kuliko vile nimejiangalia kwa kioo. Alijua Munyi alikuwa shemeji yangu. Alijua Munyi ndiye aliingia ndani ya kaburi ya Njura kunyoosha ukuta yake na mkono, na mpaka aumwe alikuwa ananiletea kabichi bila kuulizwa. Akajiambia, huyu hawezi, mbele ya watu, kupaka chokaa mti wa marehemu. Ataona haya, ataenda kuchagua kamti kengine huko mbali, na mwaka utapita. Alinirudishia jina yangu kama mtu anarudisha ng'ombe na bado ameshika kamba.

Nikatoka nyuma. Watu wakanipisha. Nilipofika mbele nikamwambia Carol sijasikia vizuri, masikio ni ya uzee, huyo mama arudie, na wale wa Kangeta wako nyuma pia hawakusikia. Carol akampatia kipaza sauti tena. Marcella akanitazama. Halafu akarudia, ni Wamuyu alipanda. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hiyo mashine inakuza.

Nikachukua mkebe.

Nilipita kamti kembamba ka mwisho, kale alikuwa anaomba nichague. Nikapita kengine. Nikapanda mpaka ule mkubwa uko karibu na nyumba yake, ule Munyi alipanda siku walibatiza Nthiga wao. Hapo ndipo Marcella alikuwa amefunga waya ya kuanikia nguo, na hiyo siku kulikuwa na sweta ya mtoto imeanikwa. Nilichovya brashi. Nikapaka kutoka hapa kwa kifua yangu mpaka nikamaliza kuzunguka, pole pole, isibaki mahali.

Mutugi alikuwa amenifuata anahema. "Mama Nthiga," akaniambia chini chini, "huo ni wa marehemu. Si tuanze na ule mdogo?"

"Mwalimu," nikamwambia, "ulisema ni boma moja. Basi mimi naanzia kwa boma yangu."

Akapangusa mikono kama mtu anafuta chaki, akateremka.

Marcella alikuja mwenyewe kutoa waya. Hakulia. Alikunja ile sweta akaweka kwapani, akafungua waya, akaikunja kwa mkono, duara moja, duara ingine, kama mtu ana siku nzima. Vijana wa pawaso walingoja. Halafu wakawasha. Ule mti ulichukua muda, kwa sababu Munyi alikuwa amepanda vizuri, hiyo siwezi kumnyima. Ulipoanguka ardhi iliruka, vumbi ikafunika wageni, na harufu ikajaa kila mahali, ile harufu ya dawa ya kifua. Nyuma yake kukaonekana mahali hatujawahi kuona, mlima wote, na jua ikaingia mpaka kwa kithima.

Carol alitaka picha mpya hapo hapo. Alisema bango itabadilishwa, alisema pole, alisema pole tena, alinishika mkono na zake mbili. Nikamwambia nitasimama lakini angoje jembe. Ikaletwa. Raba nilikuwa nimebadilisha, lakini ni tubu ile ile ya baiskeli ya Njura. Nikashika hapo juu kwa raba, ionekane. Carol akasema, cucu, cheka kidogo. Nikamwambia wa kucheka ako kwa ile ya zamani.

Halafu akasema mama wawili wasimame pamoja, ingekuwa vizuri, kama familia. Nikamwambia Marcella anaweza kusimama, lakini asimame nyuma, kando ya wheelbaro. Hapo ni mahali pazuri, napajua, nimepakalia. Na akaenda akasimama. Kwa hiyo picha mpya utamwona, ukiangalia sana, mtu wa nyuma na waya mkononi.

Watu walipoanza kushuka kwenda kula, alikuja karibu. Macho ilikuwa makavu na nyekundu, vumbi kwa nyusi.

"Sasa umetosheka, Mama Nthiga?"

Niliangalia laini yote, vile imenyooka, vile imebaki.

"Bado," nikamwambia. "Huo ni wa kwanza."

Nikageuka nikapiga jembe chini, kando ya kisiki, nianze shimo ya muringa.